Jina kwenye Madigadi

Mzee anayekodisha pikipiki za umeme hapo Chechelesi alichutama na kisu, akaanza kukwangua jina MAKANDI kwenye madigadi.

"Niachie hilo jina tu, mzee," alisema dereva aliyeikodi. "Hata polisi hawajawahi kulalamika."

"Polisi hana pikipiki hapa. Kama hutaki, weka ufunguo uende. Madereva wa kupeleka chakula wamejaa mjini."

Dereva hakuwa na kazi nyingine.

"Ni binti yangu. Tulimzika mwezi wa tano."

"Kwani pikipiki yangu ni kaburi?"

Rangi nyekundu ilibanduka vipandevipande, ikaingia kwenye kucha za mzee. M iliisha, A ikaisha. Kisu kilipogusa K, dereva aliweka ufunguo juu ya kiti polepole, akaushika ule mkono wenye kisu.