Vipele vya Karatasi

"Mwanangu, karatasi zako zililetwa zimejaa vipele," msimamizi alimwambia Sarmila, akimwekea mtihani mezani. "Nikazikandamiza kwa gunia la mchele wiki nzima. Sasa zimenyooka kama shuka la harusi!"

Sarmila haoni. Ni yeye aliyeapa mbele ya mwalimu mkuu kwamba mwaka huu hataki kusomewa. Aletewe nukta nundu, maandishi ya vipele yanayosomwa kwa vidole, atasoma mwenyewe.

Alipitisha kidole kwenye mstari wa kwanza. Laini. Wa pili, laini kama shavu la mtoto.

Kengele ikalia. Kalamu za wenzake zikaanza kukwaruza pande zote.

"Kuna shida, mwanangu?"

"Hapana, mwalimu," alisema, na kidole kikaendelea kutembea, polepole, kama cha mtu anayesoma.