Ngiri na Wimbo wa Kwarara

Ngiri alipenda nyimbo laini za njiwa Hua, kwa kuwa zilimletea usingizi. Jirani yake, ndege Kwarara, alitunga wimbo mgumu, wa kukwaruza na kukatikakatika.

“Jirani, nisikilize mpaka mwisho, mara moja tu,” Kwarara alimwomba kila asubuhi.

“Unaniumiza kichwa, bwana!” Ngiri alifoka. Wimbo ukifika katikati, alijitia tope masikioni.

Kwarara akachoka, akahama.

Masika yalipoingia, Ngiri alijikuta akichimba mizizi huku akiuimba wimbo uleule. Alipofika katikati, akakwama.

“Hua, unaujua mwisho wake?”

“Mimi najua zangu tu. Wewe ndiye uliyekuwa ukiimbiwa.”

Tangu hapo, kila asubuhi Ngiri huuanza wimbo ule, akafika pale alipokuwa akijitia tope, akanyamaza.