Mpuliza Kaseti

Siku hizo marehemu walinakiliwa kabla ya kuzikwa, wakarudi nyumbani kuishi kwenye runinga ya sebuleni. Ya Zamda ilikuwa na kaka yake, Chande.

Jioni moja Zamda alichomeka mashine yao ya gemu ya utotoni, ikagoma. Kwa mazoea akachomoa kaseti, akamsogezea Chande apulize vumbi. Zamda alikuwa na pumu. Kazi hiyo ilikuwa ya kaka tangu zamani.

Chande akavimbisha mashavu, akapuliza. Vumbi halikutikisika.

"Haya mdogo wangu, weka."

Zamda hakuwa na moyo wa kumwambia. Akageuka kama anayetafuta waya, akapuliza mwenyewe mpaka kifua kikabana. Gemu ikawaka.

"Umeona?" Chande akachekelea. "Bila pumzi zangu ungefanyaje?"