Tatu kwa Ishirini

Somo lilikuwa halijafikisha dakika kumi Daktari Adrien alipoandika alama 3/20 juu ya karatasi ya tathmini na kupiga mistari miwili chini yake.

"Hizi sehemu zingine nitazijaza njiani," alimwambia Profesa Huguette aliyekaa kando yake. "Hapa hakuna kitu cha kuangalia."

Huguette alimwomba wabaki hadi mwisho. Alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyokuwa ikimtafuta mkuu mpya wa mtaala wa michezo mashuleni, na barua ya uteuzi wa Adrien ilikuwa ndani ya mkoba wake, imeshapigwa chapa, inasubiri saini ya Huguette tu. Lililobaki, alivyomweleza, lilikuwa jambo dogo: waangalie pamoja somo moja katika shule hii ya mtaa wa Mutanga Sud, kisha Adrien aandike maoni yake. Wengine walioomba nafasi ile walikuwa walimu tu. Adrien alikuwa na udaktari wa elimu ya michezo, wa miaka mitatu sasa, na alipenda kila mtu autaje anapomwita.

Kwa hiyo alibaki. Jumatatu alikuwa ameshakwenda kwenye maduka ya mtaa wa Asiatique kuchagua kitambaa cha mapazia ya ofisi mpya.

Alikuja na nguo za michezo zilizopigwa pasi mpaka suruali ikasimama. Dereva alimpitisha kwa gari kutoka lango la shule hadi ukingo wa uwanja, safari ya mita themanini.

Mwalimu Khaled alikuwa na wanafunzi arobaini na sita, mipira miwili na kamba sita. Filimbi ilikuwa shingoni, lakini hakuipuliza. Aliwaambia kila mmoja achague kona yake: kamba, mpira, mbio au ngoma. Kisha kila mmoja alifungua daftari, akasoma alichoweza Alhamisi iliyopita, akajaribu kukipita. Hakuna aliyeshindana na mwenzake. Hakuna aliyetolewa nje.

Adrien alicheka. Alisema, bila kupunguza sauti, kwamba hii ni michezo ya watoto wa chekechea. Enzi zake, anayefika wa mwisho alizungushwa uwanja mara tatu zaidi huku darasa zima likimzomea, na ndivyo watu walivyojifunza kupenda mazoezi. Ndipo macho yake yakamwangukia Christa.

Christa, msichana mnene wa darasa la tisa, alikuwa akiruka kamba. Alifika kumi na nne, akajikwaa, akaketi chini akihema, kisha akawatangazia wote kwamba wiki iliyopita aliishia kumi na moja. Wenzake wawili wakampigia makofi.

"Kumi na nne," alisema Adrien. "Wanapiga makofi ya kumi na nne. Kesho watamupigia makofi kwa sababu amesimama."

Christa alisikia. Alibaki chini kidogo, akaifunga upya kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, kisha akainuka akaanza tena kutoka moja.

Huguette hakucheka. Tangu mwanzo hakuwa akitazama sana uwanjani. Alikuwa na bunda la karatasi magotini, na kila Khaled alipotoka hatua moja ya somo kwenda nyingine, yeye alifunua ukurasa. Adrien alidhani ni orodha ya wanafunzi.

"Njia hii, Docteur, umeshawahi kuiona mahali?"

"Apana. Na Mungu anisaidie nisiione tena."

"Na wewe unaamini ni nini kinamsukuma mtoto afanye mazoezi?"

"Aibu, professeur. Aibu, na fimbo kidogo. Zile zingine ni maneno ya kujaza karatasi."

Huguette aliandika jibu hilo lote.

Kengele ilipogongwa, Adrien alimwita Khaled kwa kidole na kumuuliza ni nani aliyemfundisha upuuzi huu.

"Nilisoma, Docteur," alisema Khaled.

"Wapi?"

"Ku université. Ni kazi ya mutafiti mumoja wa hapa kwetu."

"Basi sikiliza, mwalimu. Huyo mutafiti hajawahi kuona mutoto. Na we unayemufuata, unamupita kwa ujinga."

Khaled alijibu kwa upole kwamba huenda ni hivyo, ila tangu Septemba hakuna tena mwanafunzi wake anayeleta cheti cha daktari ili akwepe somo. Aliuambia mgongo, kwani Adrien alikuwa ameshageuka.

Ripoti aliiandika akiwa ameegemea gari. Alisema kwamba njia hii haina msingi wowote wa kisayansi, kwamba aliyeibuni hajui watoto wala michezo, kwamba ipigwe marufuku katika shule zote, na kwamba mwalimu Khaled atolewe uwanjani apewe kazi ya stoo. Huguette alimwomba airudie kabla ya kutia saini. Alimuuliza kama angependa kulegeza neno lolote, kwa mfano pale alipomtaja huyo mtafiti. Adrien alisema kila neno atalisimamia hata mahakamani. Akatia saini, na ule udaktari akauandika kwa herufi kubwa kuliko jina.

"Sasa ile barua," alisema, akimnyooshea kalamu. "Saini, mi niende."

Huguette aliichukua ripoti, akaipeperusha wino ukauke, akaitia mkobani. Kalamu hakuipokea.

"Somo la leo ni sura ya nne ya tasnifu yako, Monsieur Adrien, hatua kwa hatua," alisema. "Kwamba hukuiandika wewe, tulishaambiwa. Tulitaka kujua kama umewahi kuisoma."