Mmea wa Maji ya Udhu

"Mbona huking'oi kijimea hicho, shoga, kabla hakijakung'oa wewe?" jirani yake, Bi Kazija, alipata kumuuliza Mwanakheri. Sheria ya kisiwa ilijulikana: unapoota mmea wa mwisho wa aina yake, wakaao hapo huhamishwa. Lakini huu ulijiotea penye maji yake ya udhu, nao ulimsabihi Mola. Angeung'oaje?

Siku ya Idi alimwonyesha binti yake Salhiya, mtaalamu wa mimea. Damu yake haitamsema, aliamini.

Salhiya alipiga magoti, akalia kwa furaha.

"Mama! Tulidhani umekwisha. Nitaupa jina lako."

"Na mimi?"

"Utahamishiwa bara, kesho. Anayebaki na mmea ni mtaalamu tu."

Mwanakheri aliumwagilia mmea maji yaliyobaki birikani, akakunja mswala wake, akatoka.