Weka Kwangu

Katika duka lile kubwa, kila ukilipa ulitaja namba yako ya simu ukapewa pointi, na pointi zikijaa unanunulia vitu. Bi Mwasiti hakukubali hata moja ipotee. Mteja asiye na namba akilipa, yeye hudakia kutoka kwenye foleni: "Weka kwangu!" Watu walimcheka mpaka wakambandika jina hilo.

Leo alisimama mbele ya keshia na kopo la maziwa ya mjukuu. Bei ilikuwa imepanda, na hela iliyofungwa kwenye pindo la khanga haikufika hata nusu. Nyumbani alimwacha mtoto analia njaa.

"Nitazamie pointi, mwanangu," alisema. "Kama hawajazifuta."

Keshia akabonyeza, akakodoa macho. "Bibi, zinatosha makopo mawili! Pointi za mji mzima umezibeba wewe?"

"Nilizikuta zinatupwa, nikaokota."

Foleni nzima ikaangua kicheko, naye akacheka nao mpaka machozi yakamtoka.

Alitoka nje kopo moja kalibana kwapani. Jingine alikuwa kaliegemeza begani, akilipigapiga polepole, kama mtoto aliyekwisha kushiba.