Mnyororo wa Mlango wa Mwisho

Katika mchezo ule wa kwenye skrini mchezaji huona mikono yake tu. Mlango wa mwisho hufunguka pale mmoja anapobaki ndani akivuta mnyororo ili mwenzake atoke. Chande alimpa mwenzake wa mchezoni jina la mkewe, Zamda, kisha akamwacha afie humo. Leo ilikuwa mara ya tatu.

"Hakuna mwisho wa kubaki wewe?" Zamda mwenyewe alifoka, amesimama kando ya kiti cha mumewe.

"Upo. Lakini huo si mchezo tu, mama watoto?"

"Mchezo! Mbona hujanitoa hata mara moja? Lete hapa!"

Akampokonya pedi ya kuchezea, akairudisha ile mikono ya Chande kwenye mnyororo na kuivutisha. Kwenye skrini, mwanamke mwenye jina lake akatoka nje kwenye jua. Chande aliinama mbele kitini, akimsubiri ageuke amtazame yeye aliyebaki ndani.